Mawimbi ya Saa Nne: Risala ya Watumiaji wa Hadubini ya Pamoja

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya taasisi yetu, Mkurugenzi wetu mpendwa, wakuu wa idara, wageni waalikwa, na ninyi mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimeishia mstari wa tatu:

Kabla hatujasema lolote, tunaomba msipige makofi. Nyuma ya ukuta huu, hatua kumi na mbili kutoka hapo ulipoketi mheshimiwa, hadubini yetu inafanya kazi sasa hivi, na makofi ya watu sitini huifanya itetemeke kama mtu mwenye homa. Sisi tukifurahi tunainua mikono miwili juu na kutikisa vidole. Anayetuona kwa mara ya kwanza hudhani tunaporwa. Mtazoea.

Pia mheshimiwa usiegemee ukuta wa kushoto. Rangi ile imepakwa jana jioni kwa heshima yako.

KUKARIBISHA

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe umeshakuja, basi tuvumilie tukueleze tunapoumwa.

Tunakushukuru kwa kukubali kubadili saa. Ratiba ya kwanza ilisema utatutembelea saa nane mchana, ukishakula, ukae dakika ishirini, ukate utepe, uondoke. Tulimwandikia katibu wako mara tatu kuomba uje asubuhi, saa nne kamili. Aliuliza kuna nini saa nne. Tukamjibu kwamba hiyo ndiyo saa ya kuipima mashine yetu. Hatukumdanganya, ila tulimwambia nusu. Nusu iliyobaki tumekuja nayo hapa.

Kuhusu utepe: ulifungwa mlangoni tangu juzi, na amri ikatolewa usiguswe. Kwa siku mbili wanasayansi wa taasisi hii wamekuwa wakipita chini yake wameinama, wengine na mitungi ya naitrojeni mikononi. Ukiukata leo, migongo yetu itakuombea dua.

Na kuhusu risala yenyewe: tuliiandika sisi sote, ikapelekwa ofisini kupitishwa, ikarudi ikiwa na wino mwekundu mwingi kuliko mweusi. Tumeuheshimu wino huo. Kila palipoandikwa "ondoa hapa", tumeondoa hapo, tukaweka pengine.

HISTORIA FUPI

Kwa ambao hawajawahi kuingia chumba kile: hadubini ya kawaida hutumia mwanga, na mwanga nao una mwisho wake. Kuna vitu vidogo mno, kama virusi, ambavyo mwanga huvipita bila hata salamu. Hii yetu hurusha miale ya elektroni ndani ya bomba lililotolewa hewa yote. Miale hiyo hupenya kwenye kipande cha sampuli kilichokatwa kwa kisu cha almasi, chembamba kiasi kwamba ukivipanga elfu moja havifikii unene wa kucha. Picha inayotoka yaweza kukuzwa mara laki moja. Ubaya wake ni kwamba ukikuza mara laki moja unakuza kila kitu, pamoja na hatua za mtu aliyepita koridoni na viatu vya kisigino.

Iko moja tu, na watumiaji tuko arobaini na mmoja. Tunatoka hospitali, maabara ya wadudu, maabara ya mimea, kiwanda cha saruji, na mmoja anatoka kiwanda cha rangi, ambaye ameutazama ukuta ule wa kushoto akasikitika. Mashine haina mwenyewe, ina zamu. Zamu zinaandikwa kwenye daftari jeusi lililofungwa kwa kamba mezani, kwa sababu daftari la kwanza liliwahi kutembea.

Hadubini iliwasili miaka kumi na tisa iliyopita, ikiwa imeshatumika kwingine, ndani ya makasha kumi na moja. Kasha la kumi na mbili, lenye maelekezo, bado tunalisubiri. Mtaalamu aliyekuja kuifunga alikaa wiki mbili, akaumwa tumbo, akaenda zake. Wakati anaifunga, aliyekuwa akimpa bisibisi na kumshikia tochi alikuwa mwanamke wa chumba cha giza, aliyeajiriwa kusafisha picha enzi za filamu. Kila skrubu iliyoingia aliiandika kwenye daftari la shule: ilipo, ilivyokazwa, na mtaalamu alitukana nini ilipogoma. Mtaalamu alipoondoka, daftari hilo ndilo lililokuwa maelekezo, na mwenye daftari ndiye aliyekuwa fundi.

Jina lake hatutalitaja. Alituonya wiki iliyopita, kidole kikiwa juu: "Mkinitaja kwenye hiyo risala yenu, nawafuta zamu mwezi mzima, wote, hata daktari." Tunamwogopa kuliko tunavyoiogopa ofisi. Kwa hiyo tutamwita tunavyomwita siku zote, Shangazi, asije akasema tumevunja ahadi.

Shangazi hufika saa moja asubuhi, huvua viatu mlangoni, na kabla hajawasha taa huweka kiganja kwenye bomba la mashine, kama mama anayepima homa ya mtoto kwenye paji la uso. Akiona ina joto asilolijua, zamu ya kwanza hupewa pole na kurudishwa nyumbani. Mtumiaji mgeni hufundishwa wiki nzima kukaa kwenye kile kiti bila kuhema kwa nguvu. Picha ikitoka vizuri, Shangazi hufungua mlango na kuuliza neno moja: "Mmeona?" Haulizi kama umemaliza wala kama umepata ulichotaka. Na ukijibu ndiyo harakaharaka, anakurudisha ukaangalie tena.

MAFANIKIO

Wino mwekundu uliagiza kwamba changamoto zisizidi sentensi mbili. Tumetii. Mengine yote tumeyahamishia huku kwenye mafanikio, maana hata kugundua kinachokuuma ni mafanikio.

Tuanze na yale ambayo ofisi ingependa uyasikie. Mwenzetu tunayemwita Bibi Mbu aligundua kwamba mbu wasiokufa kwa dawa wana ngozi nene zaidi miguuni, ni kama wamevaa buti. Mtu wa Saruji ameonyesha kwa nini saruji ya msimu wa mvua hupasuka ukutani baada ya mwaka. Daktari wa Figo, ambaye zamani alikuwa akipeleka vipande vya figo za watoto nje ya nchi na kungoja majibu hadi mtoto anabadilisha darasa, siku hizi anajibiwa kwa siku mbili. Inueni mikono. Asanteni.

Sasa tuje kwenye fanikio kubwa kuliko yote.

Miezi tisa iliyopita, picha zetu zilianza kuwa na mawimbi. Picha ilikuwa ikitoka imepindapinda, mistari kama nyuzi za sweta lililofuliwa vibaya. Hayakutokea siku nzima. Yalianza saa nne asubuhi, yakaisha saa tano kasoro robo. Jumamosi hayakuwepo. Tukasema labda mashine nayo inapenda wikiendi.

Mheshimiwa, sisi ni wasomi, na msomi akishindwa kueleza kitu hukipa jina. Mtu wa Saruji aliyaita "mawimbi ya asili ya saruji" na kuyaandikia sura nzima, kurasa thelathini na nne na jedwali. Bibi Mbu aliyaona kwenye mguu wa mbu, akadhani mbu amekunja misuli. Watu wa mimea waliyaona kwenye jani. Hakuna aliyemwambia mwenzake, kwa sababu kila mmoja alidhani amegundua jambo na mwingine atamwibia. Ilipita miezi miwili kabla Shangazi hajatuita wote, akapanga picha zetu mezani, jani, mbu, saruji na figo, akatuuliza, "Hivi mbu na saruji wana undugu gani?"

Tukaona haya. Kisha tukaanza kutafuta mchawi.

Tulikagua pampu ya maji, ikawa nzima. Tukapiga marufuku viatu koridoni, ndiyo maana mmeombwa kuvua vyenu pale nje. Tukamnyang'anya mfagiaji ndoo yenye magurudumu, tukampa ya kubeba, na hadi leo hatusalimii. Tulimwomba mhadhiri mmoja mwenye mwili wa heshima azunguke jengo kwa nje. Tulichimba chini ya sakafu. Tulipima kulia, tukapima kushoto. Kuna wiki mbili mawimbi yalitoweka kabisa, nasi tukampongeza Mtu wa Saruji, kwa kuwa ndiyo wiki alibadilisha gundi ya sampuli. Tulimnunulia keki. Hakuna aliyekumbuka kwamba ndizo wiki mbili Mkurugenzi alikuwa safarini.

Juu hatukukagua. Juu kuna heshima. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini kikiwa kwenye kola ya mkubwa, nani atanyoosha mkono?

Hali ilikuwa hivyo mpaka siku ya mtoto.

Alikuwa binti wa miaka minane, kavimba uso na miguu, na dawa zote za kawaida zilikuwa zinahitaji jibu moja kwanza. Chujio la figo lina seli zenye vidole vidogo vilivyojipanga kama meno ya kitana. Kuna ugonjwa ambao vidole hivyo hulala chini. Ukiwa huo, mtoto hupewa vidonge na hupona. Usipokuwa huo, kuna dawa nyingine, kali, ambayo daktari haandiki mpaka awe amelala na wazo hilo siku mbili. Binti huyu hakuwa na siku mbili. Na hadubini ya mwanga haioni vidole hivyo.

Shirika la umeme lilikuwa limetangaza kukata umeme saa nne na nusu asubuhi ile, siku mbili mfululizo, kwa matengenezo. Jenereta tunayo, ila inahudumia ghorofa ya juu tu. Kipande cha figo kilichelewa kukauka, kikaingia kwenye mashine saa nne na dakika mbili. Mama wa mtoto alikuwa ameketi koridoni, viatu mkononi, kama alivyoambiwa. Daktari wa Figo aliangalia skrini, akaona mawimbi.

"Shangazi, meno ya kitana yamelala au ni picha imelala?"

"Sijui, daktari."

"Nikisema yamelala na hayajalala?"

Shangazi alizima miale ili kipande kisiungue, akatoka, akachukua glasi ya maji kwenye meza ya chai, akaijaza mpaka ukingoni. Aliiweka sakafuni. Maji yakacheza. Akaisogeza koridoni karibu na miguu ya yule mama, yakacheza zaidi. Mama akauliza, "Kuna nini, dada?" Shangazi akamwambia, "Kuna mtu anatembea juu ya mtoto wako." Akaanza kupanda ngazi, glasi mkononi, akiiweka chini kila baada ya vidato vitano, na kila alipoiweka maji yalicheza kuliko mwanzo.

Daktari anasema Shangazi alimweleza baadaye kwamba aliogopa. Miaka kumi na tisa hakuwahi kupanda ngazi zile bila kuitwa. Miguu yake ilimwambia arudi, aseme amekosa, watu wataelewa, si huwa wanaelewa. Alipofika mbele ya mlango wa Mkurugenzi aliiweka glasi juu ya zulia, na maji yakamwagika.

Tunayoyasema sasa tuliyapata kwa mtu aliyekuwa karibu na mlango. Mkurugenzi yupo, tukikosea atusahihishe, kalamu anayo.

Shangazi alipiga hodi mara tatu. Hakuitikiwa. Akafungua. Mkurugenzi wetu mpendwa alikuwa na bukta na taulo shingoni, muziki masikioni, juu ya mashine ya kukimbilia, anakimbia kwa bidii bila kufika popote. Shangazi akazunguka akasimama mbele yake.

"Bosi, naomba ushuke."

"Shangazi? Nani kakuruhusu kuingia?"

"Nimepiga hodi mara tatu. Shuka, bosi, kuna mtoto kwenye mashine."

"Mtoto gani? Mashine ipi?"

"Ni figo yake. Unatutikisa huko chini. Kumbe miezi yote hii ni wewe!"

"Nina nusu saa imebaki, hii ni amri ya daktari wangu."

"Umeme una dakika kumi na saba, bosi. Na huyo wa chini naye ana daktari wake."

"Nikimaliza tutaongea. Nenda, nitakuita."

Shangazi aliinama, akachomoa waya ukutani. Mkanda ulisimama. Mkurugenzi hakusimama. Aliendelea na safari mpaka kwenye sofa, akakaa salama salimini, ila kwa namna ambayo barua iliyofuata imeiita "kuhatarisha maisha ya kiongozi". Kitu pekee kilichoumia ni taulo.

Shangazi alishuka ngazi mbio, peku, mwanamke wa miaka hamsini na saba. Akawasha miale. Picha ilitulia kama maji ya mtungini. Walipiga picha nne kwa dakika tisa. Meno ya kitana yalikuwa yamelala, yote, wazi kabisa, hata sisi tusio madaktari tuliyaona. Saa nne na nusu kamili umeme ukakatika. Chumba kikawa giza, na ndani ya giza hilo tukasikia sauti yake ikiuliza: "Mmeona?"

Daktari alikuwa analia. Akasema tumeona, Shangazi.

Binti alipewa vidonge. Wiki ya tatu uvimbe ulikuwa umeisha. Mwezi uliopita mama yake alikuja na daftari la mtoto la hesabu kumwonyesha Shangazi alama, kumi na saba kwa ishirini, na Shangazi akauliza zile tatu zimekwenda wapi.

Huo ndio ugunduzi wetu, mheshimiwa. Tuliutafuta miezi minne kwa vipimo vya kila aina, na ukapatikana kwa glasi ya maji. Mtu wa Saruji ameichana ile sura yake ya kurasa thelathini na nne kwa mikono yake mwenyewe, mbele yetu. Tulimwinulia mikono.

CHANGAMOTO

Kwanza, kuanzia Jumatatu hatuna Shangazi. Pili, kuanzia Jumatatu hatuna hadubini.

MAOMBI

Sentensi zetu mbili za changamoto zimeisha, kwa hiyo ufafanuzi unaingia hapa.

Shangazi amepewa barua ya uhamisho. Inasema amehamishiwa Stoo ya Samani, jengo la pili, kusimamia viti, ambavyo kama mnavyoona vimeishia mstari wa tatu. Sababu iliyoandikwa ni utovu wa nidhamu na kuingilia mazoezi ya kiafya ya kiongozi. Aliipokea, akaikunja, akaiweka katikati ya daftari lake la skrubu, akaendelea kukata sampuli. Hakutuambia. Tuliiona ilipodondoka. Tulipomuuliza alisema, "Basi, viti navyo vinahitaji mtu." Tangu siku hiyo anakaa mpaka jioni akiwaelekeza watu wawili kile alichojifunza kwa miaka kumi na tisa, na wale wawili wanatoka mle wamechanganyikiwa, mmoja ameanza kuota skrubu. Imebaki miaka mitatu astaafu. Tumemwona akiweka kiganja kwenye lile bomba jioni pia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Inatuuma, mheshimiwa. Tumetafuta namna ya kulisema hilo kwa mzaha, tumeshindwa.

Tulipoandika haya mara ya kwanza, wino mwekundu ulisema tuweke badala yake "mabadiliko ya kawaida ya kiutumishi". Hiyo ndiyo dawa yetu ya siku nyingi, funika kombe mwanaharamu apite. Lakini sisi kazi yetu ni kukuza vitu mara laki moja. Tukifunika, tunakula nini?

Tusieleweke vibaya. Mkurugenzi wetu hatuna ugomvi naye. Presha yake ilikuwa imepanda, daktari alimwambia akimbie, na amekimbia kweli. Mkanda wake wa suruali umerudi matundu matatu, tumehesabu. Hatutaki aache. Akituangukia tutamlilia, na atakayekuja baada yake pengine atapenda ngoma.

Kwa hiyo ombi letu ni dogo na halihitaji karatasi mpya. Ile Stoo ya Samani tumeikagua wenyewe. Sakafu yake ni ya zege nene, iko mbali na hadubini, ina dirisha kubwa linalotazama miti, na iko wazi kuanzia Jumatatu. Barua ya uhamisho imeshaandikwa, imeshapigwa muhuri, tarehe ipo. Tunaomba isipotee bure. Libadilishwe jina tu la anayehama. Mashine ya kukimbilia iende stoo, Shangazi abaki hapa.

Na katika miaka mitatu hiyo, wale wawili anaowafundisha waandikwe rasmi, wakae naye kila siku, wasije kujifunza jioni kama wezi. Kasha la kumi na mbili halitakuja, mheshimiwa. Maelekezo yetu yana miguu miwili, na yanataka kustaafu.

Ombi la mwisho ni la mfagiaji. Arudishiwe ndoo yake ya magurudumu, na sisi tutamwomba radhi hadharani. Radhi, kaka.

HITIMISHO

Sasa tunakuomba, mgeni rasmi, utazame ukuta wa mbele. Kuna picha mbili.

Ya kushoto ni figo ya yule binti, kwa ruhusa ya mama yake. Ilipigwa saa nne na dakika mbili siku ile, ghorofa ya juu ikiwa mbioni. Hayo ndiyo mawimbi.

Ya kulia ni kipande kilekile, kimehifadhiwa. Hiyo si picha ya zamani. Inatoka kwenye mashine sasa hivi, nyuma ya ukuta huu, tangu tulipoanza kusoma. Saa ya ukutani inasema saa nne na dakika ishirini na tatu. Tazama meno ya kitana. Hesabu ukitaka. Hakuna hata moja linalotikisika, na hatujabadilisha gundi, wala pampu, wala sakafu. Tumebadilisha jambo moja tu leo: saa hizi Mkurugenzi wetu ameketi hapa pamoja nasi. Tunamshukuru kwa kukaa. Tunamwomba asinyanyuke kwa dakika mbili zaidi.

Barua iko juu ya meza mbele yako, chini ya glasi ya maji. Kalamu iliyo kando yake ni nyeusi. Nyekundu ni ya ofisi.

Shangazi hajui kwamba tumesoma haya. Mlango wa chumba chake una sponji, hasikii kitu. Alichoambiwa ni kwamba mgeni anataka kuona picha nzuri, akasema, "Aje tu." Ile taa juu ya mlango, mheshimiwa, ni nyekundu anapofanya kazi. Ikigeuka kijani atafungua, atasimama pale peku na koti lake lenye doa la rangi ya sampuli mfukoni, na atauliza swali lake moja. Kila siku tunamjibu sisi. Leo tunaomba umjibu wewe.

Mungu akujalie macho marefu na saini nyepesi, aizidishie nguvu mikono ya Shangazi, na ayalinde magoti ya Mkurugenzi wetu popote yatakapokimbilia.

Ni sisi, arobaini na mmoja, tukiwa tumevua viatu,
Watumiaji wa Hadubini ya Pamoja, Ghorofa ya Chini.

Taa imegeuka kijani.